Shajara ya mradi: kanda 11, chati za 1996 mpaka 1999 na sekunde 48 zisizo na jina

Siku ya 1

Haya, nimeanza. Lile boksi ambalo nimekuwa nalihamisha nyumba hadi nyumba miaka yote bila kulifungua, leo nimelifungua. Ndani kuna kaseti 11, nane za dakika 90 na tatu za dakika 60, zote nimerekodi mwenyewe kutoka redioni kati ya 1996 na 1999 nikiwa na miaka 13 mpaka 16. Pamoja nazo kuna daftari, lile nililokuwa nasikiliza wimbo naandika maneno. Nimesoma kurasa mbili nikalifunga, aibu niliyosikia sio ya kusimulia.

Mpango wenyewe ni mdogo tu. Nihamishie kanda zote kwenye komputa, nijue kila wimbo ni upi, nitafute kopi safi ya kila mmoja, nitengeneze pleilisti moja ya maana afu kanda nitupe. Pembeni nimechapisha orodha ya nyimbo zote zilizoshika namba moja kwenye chati za Marekani na Uingereza miaka hiyo minne, nitakuwa natiki kila ninayoikuta. Natarajia tiki nyingi, maana mimi nilikuwa mtu wa chati haswa, kila wiki naandika kumi bora nyuma ya daftari la hesabu kama vile nalipwa.

Nimejipa wiki mbili.

Siku ya 2

Deki niliyopata ni ya zamani, ukibonyeza plei mota inaunguruma ila kanda haizunguki. Nimefungua nikakuta mpira wa ndani umeyeyuka umekuwa kama lami. Vidole vyeusi siku nzima. Nimeagiza mpira mwingine, basi.

Siku ya 6

Mpira umefika, umeingia, deki inazunguka. Nimesafisha hedi, kile kichuma kinachogusa mkanda na kusoma sauti, kwa spiriti na vijiti vya pamba, pamba ya kwanza imetoka na uchafu wa kahawia kama kutu, na kweli ni kutu, maana mkanda wa kawaida umepakwa unga wa oksidi ya chuma na huo unga unabanduka kidogo kidogo kila ukicheza.

Kanda ya kwanza imetoa sauti ya mtu anayeimba akiwa amefunikwa blanketi. Nikajua ndo hivyo, imekufa. Kumbe kuna kiskrubu kidogo pembeni ya hedi, ukikizungusha kidogo sana, robo mzunguko hata haifiki, sauti inafunguka kama umetoa pamba masikioni. Sababu ni kwamba hedi inayosoma inatakiwa isimame kwa pembe ile ile iliyosimama hedi iliyorekodi, ikilala kidogo tu zile sauti kali za juu, matoazi na "s" za mwimbaji, zote zinapotea. Na redio kaseti yetu ya enzi hizo bila shaka ilikuwa imelala upande, ilishaanguka kabatini mara ngapi sijui. Kwa hiyo kila kanda naanza na bisibisi mkononi, macho nimefumba, natafuta zile "s".

Kanda ya 4 kile kisponji kinachokandamiza mkanda kwenye hedi kimedondoka. Nimehamishia mkanda kwenye ganda lingine la skrubu, jasho limenitoka.

Afu nimepiga hesabu. Nane mara 90, jumlisha tatu mara 60, ni dakika 900. Masaa 15, na hakuna njia ya mkato, kanda inahama kwa mwendo wake ule ule wa sentimita 4.76 kwa sekunde uwe na haraka usiwe na haraka.

Siku ya 7

Leo nimesikiliza kanda mbili nzima na kuna kitu sikukitegemea.

Mnaojua kurekodi redioni mnajua utaratibu: rekodi na plei vimebonyezwa, pozi imeshikilia, kidole juu ya pozi, unasubiri. Wimbo ukianza unaachia. Sasa mtangazaji naye anajua wimbo una sekunde ngapi kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na anaongea mpaka ile sekunde ya mwisho kabisa, ndo ufundi wenyewe wanajisifia. Matokeo yake karibu kila wimbo wangu unaanza na nusu ya sentensi ya mtu mzima mwenye sauti nzito afu "tak" ya pozi inasikika afu ndo ubeti wa kwanza.

Basi nikapata kopi safi ya wimbo mmoja ninaoupenda sana, nikaweka spika, nikakaa. Gitaa likaanza. Likaendelea. Likaendelea. Nikaanza kuangalia simu nikidhani nimefungua faili siyo, yaani kuna utangulizi mzima wa gitaa nimeishi zaidi ya miaka 25 bila kuujua! Na ubeti ulipoingia nikagundua nasubiri ile "tak". Wimbo ni safi, kila kitu kinasikika, lakini mwili wangu unasema huyu mtu ameingia bila kubisha hodi.

Mwishoni hivyo hivyo. Kwenye kanda wimbo haujawahi kuisha, unakatwa pale mtangazaji anapovuta pumzi aongee, sekunde hiyo hiyo unaingia mwingine. Ukiisha huu kichwani kwangu ule wa pili unaanza wenyewe, najua hata ni noti gani. Kwenye kopi safi unafifia taratibu afu kimya. Nimejikuta naimba mwenyewe ule unaofuata.

Siku ya 9

Siku ya hesabu, mwenye kuruka aruke.

Nyimbo zote safi zinasikika zimechoka. Kama waimbaji wamekula wakashiba. Nikadhani ni uzee wangu, mpaka nikaweka kanda na kopi safi pamoja kwenye programu ya kuhariri sauti, nikapima kutoka mwanzo wa korasi ya kwanza mpaka mwanzo wa korasi ya mwisho. Kopi safi sekunde 120. Kanda sekunde 115 na kitu. Kanda inakimbia kama asilimia 4! Nusutoni moja kamili, yaani kutoka kitufe kimoja cha kinanda mpaka kinachofuata, ni karibu asilimia 6, kwa hiyo nyimbo zangu zote zimepanda juu theluthi mbili ya nusutoni, hazipo kwenye ufunguo wowote ambao mpiga kinanda anaujua.

Kwanza nikaisingizia deki na mpira wake mpya. Nikachukua kaseti orijino ya dukani nikailinganisha na sidii ya albamu ile ile, tofauti haifiki hata asilimia moja, deki haina kosa. Kosa ni redio kaseti yetu, ilikuwa inarekodi ikienda pole pole. Ukichezesha humo humo hausikii kitu maana inasoma pole pole vile vile, kosa linajifuta. Ukipeleka mashine nyingine yenye mwendo sahihi ndo wimbo unakimbia. Na mimi nilikuwa nasikilizia Walkman, kile kikaseti cha mfukoni cha hedifoni, usiku chini ya shuka. Kwa hiyo ujana wangu wote nimesikiliza pop ya dunia nzima ikiwa na haraka ya asilimia 4, nikajua hivyo ndivyo ilivyo.

Nimerudisha mwendo sahihi kwenye faili la kanda ya 1. Nikalisikiliza. Nikaghairi nikahifadhi mawili, sahihi na la haraka.

Siku ya 10

Orodha ya namba moja. Aisee.

Mpaka sasa nimetambua nyimbo 143 kwenye kanda. Tiki ni 19. Kumi na tisa tu! Na hapo nimehesabu Marekani na Uingereza kwa pamoja, ukichukua nchi moja moja ndo aibu zaidi. Mimi niliyejiita mtu wa chati.

Nusu ya maelezo ni kanuni za chati zenyewe, na hapa nimepotelea masaa. Chukua "Don't Speak" ya No Doubt, ninayo mara tatu kwenye kanda tatu tofauti. Kule Marekani ilikaa wiki 16 ikiongoza chati ya nyimbo zinazopigwa redioni, wiki kumi na sita, lakini kwenye Hot 100, chati kuu ya Marekani inayotolewa na jarida la Billboard, ukiitafuta haipo kabisa. Sio kwamba ilikuwa ya chini, haikuingia. Kanuni wakati huo ilitaka wimbo uwe unauzwa dukani kama singo, yaani peke yake nje ya albamu, ndo uhesabiwe, na kampuni za muziki zilishashtuka kwamba wakikuuzia singo hununui albamu, kwa hiyo wimbo mkali wanaupeleka redioni tu, dukani unakuta albamu nzima. "Torn" ya Natalie Imbruglia nayo imekumbwa na mambo hayo hayo. Billboard walibadilisha kanuni Desemba 1998, wakati huo Torn ilishapoa, kwa hiyo kwenye kumbukumbu za Hot 100 wimbo ambao ulikuwa kila redio unasomeka umefika namba 42. Uingereza wenyewe waliuza singo yake zaidi ya milioni moja na bado ikaishia namba 2.

Kwa hiyo chati haisemi uongo, ila inajibu swali ililoulizwa, na swali lilikuwa nani kanunua nini. Mimi sikununua kitu, mimi nilikuwa na kidole juu ya pozi.

Nusu ya pili ya maelezo nimeipata usiku nikiwa nimeshalala, nikaamka kuangalia. "One Sweet Day" ya Mariah Carey na Boyz II Men, wiki 16 namba moja kuanzia Desemba 1995 mpaka 1996, rekodi iliyokuja kufikiwa 2017 na kuvunjwa 2019. Kwenye kanda zangu haipo. Macarena, wiki 14 namba moja Marekani mwaka 1996. Haipo. Nimeenda mmoja baada ya mwingine, zile kubwa kuliko zote, zile zilizokaa juu miezi, karibu zote hazipo.

Mbona ziwepo? Nani anapoteza kanda kurekodi wimbo ambao utapigwa tena baada ya nusu saa? Kaseti ilikuwa mali, kila dakika ina thamani. Unarekodi ule unaoogopa hautausikia tena, ulioshika namba 17 wiki mbili ukashuka, ule uliopigwa usiku sana mara moja. Kanda zangu ni chati iliyopinduliwa. Ukitaka kujua mwaka 1996 ulikuwa na kelele gani mle ndani huipati, utapata kile nilichokuwa na wasiwasi nacho.

Siku ya 12

Nimepata ujasiri wa kufungua daftari.

Macarena kwenye kanda haipo ila humu ina ukurasa mzima, Kispanyola kilichoandikwa kwa tahajia ya Kiswahili na mtu asiyejua hata neno moja la Kispanyola, irabu mwisho wa kila kitu, imenyooka kabisa ukiisoma kwa sauti inakubali. Leo nimetafuta maana. Huyo Macarena ana mpenzi anaitwa Vitorino, mpenzi anaenda kuapishwa jeshini, na huku nyuma binti anajirusha na rafiki zake wawili. Jamani! Huu wimbo tumeucheza na mashangazi, na watoto wa chekechea, mikono mbele mikono nyuma, tukageuka wote pamoja kwa furaha.

Ukurasa mwingine nimefutafuta mpaka karatasi imetoboka, ni "I Want It That Way" ya Backstreet Boys, 1999. Maneno nilikuwa nimeyapata sawa karibu yote, tatizo langu lilikuwa maana, nimeandika pembeni kwa penseli tafsiri tatu na zote zinapingana. Nilijua Kiingereza changu kibovu. Kumbe wimbo umeandikwa na Max Martin na Andreas Carlsson, wote Waswidi, na ile studio ya Cheiron pale Stockholm sauti ya neno ndo ilikuwa inaangaliwa kwanza, maana inakuja baadaye kama ikija. Kundi lenyewe lilirekodi mpaka toleo jingine lenye maneno yanayoeleweka, wakalisikiliza wakarudi kwenye lile lisiloeleweka, na ndo sahihi, korasi ile ukiirekebisha maana unaiua. Ila mimi nataka nirudishiwe ule muda wangu wa penseli.

Max Martin huyo huyo ndo aliandika singo ya kwanza ya Britney Spears, ilipelekwa kwanza kwa TLC, kundi la wasichana watatu wa Marekani, wakaikataa. Kwenye kanda ya 9 ipo, imekatwa katikati, mtu alizima taa ya nyumba nzima nadhani.

Siku ya 13

Kanda ya 10 upande A. Nimesimamisha deki kwa mshtuko, sauti ya mwimbaji imekatika vipande kama mkanda umeliwa. Nimetoa kaseti, nimekagua, mzima. Nimerudisha. Tena!

Ni "Believe" ya Cher. Na nikakumbuka kila kitu, mwaka 1998 nilifanya hivi hivi, nilitoa kaseti nikaizungusha kwa penseli mpaka mwisho na kurudi nikitafuta mahali ulipokunjika. Wala mkanda haukuwa na neno. Ni ile programu ya Auto-Tune, ilitoka 1997 kwa ajili ya kunyoosha noti za mwimbaji taratibu mtu asigundue, maprodyuza wa Cher wakaiweka kwenye kasi ya mwisho kabisa ili inyooshe papo hapo bila huruma, ndo sauti inaruka noti hadi noti kama ngazi. Afu walipohojiwa na jarida la mambo ya studio wakadanganya, wakasema walitumia vokoda, mashine ya zamani ya kufanya sauti ya mtu iwe kama ya roboti, hawakutaka watu wajue. Kwa hiyo kuna wakati duniani watu wazima wenye studio walikuwa hawajui ile sauti ni nini na mimi na penseli yangu sikuwa mbali nao sana.

Siku ya 14

Wiki mbili zimeisha, mradi haujaisha. Kinachochelewesha ni kopi safi. Wimbo mmoja unakuta matoleo manne: la albamu, lililofupishwa kwa ajili ya redio, lililosafishwa upya likaongezwa sauti mpaka linapiga kelele, na lile baya kuliko yote, mwimbaji amerekodi upya akiwa mtu mzima ili haki za rekodi ziwe zake. Haki yake, simlaumu. Lakini jina ni lile lile na picha ni ile ile, unabonyeza, sekunde tatu za kwanza sawa, afu anaingia mtu anayefanana na yule unayemjua, ila kama vile ni baba yake. Sasa hivi kabla ya kuweka wimbo naangalia mwaka wa kurekodiwa.

Pleilisti ina nyimbo 121. Naona siisikilizi. Nasikiliza mafaili ya kanda.

Siku ya 15

Imebaki moja. Kanda ya 7, upande B, mwisho kabisa. Wimbo wangu wa mwisho unakatika, "tak", afu kuna sekunde 48 za kitu nisichokijua. Kinanda kinapiga peke yake, ngoma laini, mwanamke anaitikia kwa mbali bila maneno, sauti inayumbayumba kwa sababu mkanda umefika mwisho, afu mkanda unaisha.

Ni kizuri balaa. Sikikumbuki hata chembe.

Siku ya 17

Nimepeleka zile sekunde 48 kwenye programu ya kutambua nyimbo, nikaipa zikiwa haraka, zikiwa mwendo sahihi, zikiwa pole pole zaidi. Imenipa majibu matatu tofauti na yote siyo, moja ni muziki wa mazoezi ya yoga. Nimepita mia bora za mwisho wa mwaka kuanzia 1996 mpaka 1999 wimbo mmoja mmoja, hamna. Wanasaikolojia wanasema mtu akiulizwa mambo ya maisha yake anakumbuka kwa wingi yale ya kati ya miaka 10 na 30, sasa mbona hiki mimi kimenitoka chote?

Siku ya 18

Nimemtumia dada kwenye simu. Amenizidi miaka sita, nikasema labda naye alikuwa anasikiliza nikirekodi.

Haikupita dakika akapiga. Nikamwamkia, salamu hakuitikia.

"Hiyo kanda umeitoa wapi?"

Nikamwambia ni yangu, kanda ya 7.

"Imeandikwa namba 7 kwa kalamu nyekundu, chini yake kuna karatasi nyingine umebandika juu?"

Nikaenda kuangalia. Nikakwangua kwa ukucha. Chini ya karatasi yangu kuna karatasi nyingine, mwandiko wake, 1991.

Hapo ndo nimeelewa. Ukirekodi juu ya kanda iliyokuwa na kitu, unafuta pale tu ulipopita, ukibonyeza stop kabla mkanda haujaisha cha zamani kinaendelea kutoka hapo hapo. Zile sekunde 48 siyo wimbo wangu wa mwisho, ni kipande cha kwake ambacho sikukifikia. Dakika 44 zilizotangulia upande huo, na 45 za upande A, alizirekodi yeye na nikazifuta mimi. Nilikuwa natafuta miaka mitano mbele ya wimbo wenyewe.

"Miaka yote hii nikiuliza ile kanda yangu nzuri iko wapi," akasema, "na we mtoto unaniangalia machoni unasema labda imeibiwa."

Nikamwomba radhi. Nikasubiri kidogo nikamuuliza sasa dada, huo wimbo unaitwaje.

"Jina nalijua, na aliyeimba namjua. Lete kanda kwanza."

Naenda Jumamosi.